Mkia wa Ndege ya Nane

Mimi ni Mhehe, na mtu ninayetaka kumsimulia ni Mngoni, kwa hiyo msomaji asitarajie heshima. Kati ya makabila yetu kuna utani wa tangu mababu walipochoka kuuana. Mngoni akinikuta sokoni anaweza kuninyang'anya muhogo mkononi akautafuna mbele yangu, nami sina pa kushtaki. Naye akifiwa, mimi naruhusiwa kuingia msibani kwake nikicheka, nikaiga marehemu alivyokuwa akitembea, nikalala kaburini na kukataa kutoka mpaka nipewe kitu. Wangoni wenyewe wanasema msiba bila mtani haujakamilika, ingawa wakisema hivyo huwa wameshawafungia kuku wao.

Mngoni wangu anaitwa Longino Mapunda. Ni fundi seremala, ana miaka sitini na mmoja, na banda lake liko Lizaboni, ambako anatengeneza vitanda, milango na, inapobidi, majeneza. Nyumbani tunaishi ukuta kwa ukuta, Mjimwema. Mimi nililetwa Songea na barua ya uhamisho, mwalimu wa hisabati kutoka Iringa, nikidhani nitakaa miaka miwili. Huu ni wa kumi na nne. Siku ninahamia, Longino alisimama akaniangalia nikishusha godoro. Nikamwambia kamwene, kama tunavyosalimiana kwetu. Hakuitikia. Alirudi uani kwake taratibu, akamfungua mbwa wake kwenye mnyororo, akamwingiza ndani na kufunga mlango kwa ufunguo. Anayejua kwamba wanatusingizia Wahehe kula mbwa ataelewa. Hapo nikajua nimepata jirani.

Sasa, mtu huyu anapenda ndege. Simaanishi kwamba anapenda kusafiri, maana hajawahi kupanda hata moja. Siku ambazo ndege ya abiria inatua Ruhuwiko, Longino hufunga banda, hupanda bodaboda mpaka uwanjani, husimama nje ya uzio mikono nyuma mpaka ndege ishuke, ipakue, ipakie na kuondoka, kisha hurudi kuendelea na kitanda cha watu. Niliwahi kumuuliza kwa nini asidunduize akapanda siku moja. Alinijibu kwamba abiria haoni ndege, anaona kisogo cha abiria wa mbele.

Miaka tisa iliyopita binti yake, Adela, ambaye ni muuguzi Dodoma, alikuja likizo akamwachia baba yake simu yake ya zamani. Wazee wengine wakipata simu ya namna hiyo huangalia mpira. Longino aligundua kwamba huko Ulaya kuna wazee wastaafu ambao kazi yao ni kuchora ramani za ndege ndogo za kuchezea, kila kijiti na kila ubavu wa bawa, halafu wanazigawa bure mtandaoni kwa yeyote anayetaka kujitengenezea. Kiingereza chake kinaishia kwenye majina ya misumari, lakini kwa seremala mchoro ni mchoro. Akachagua ndege ya injini moja, mabawa juu, yenye upana wa mita moja na robo kutoka ncha hadi ncha. Haitumii mafuta. Ndani ya kiwiliwili chake unapita mpira mrefu. Unausokota mpaka ukaze, ukiuachia unazungusha pangaboi, na ndege inaondoka.

Mchoro ulikuwa umegawanywa katika karatasi kumi na sita za kawaida. Viungo virefu viliandikiwa vipimo tu, lakini vile vidogo vilichorwa kwa ukubwa wake halisi, kila kiungo na karatasi yake, ili mtu abandike karatasi juu ya mti na kukata kwa kufuata mstari. Longino alipeleka simu kwa Majidi, kijana mstaarabu mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala kule Mfaranyaki, akarudi na bahasha ya kaki. Balaa lote lilikuwa ndani ya bahasha hiyo, lakini nisitangulie.

Mchoro ulidai mti fulani mwepesi unaoota Amerika ya Kusini. Longino alijaribu mwanzi, ukawa mzito. Akajaribu mbarika, ukasinyaa. Mwishowe akaukumbuka mkonge, ile fimbo ndefu inayochipuka katikati ya mmea unapozeeka. Ikikauka vizuri ukaipasua na kuipiga randa, ubao wake unaweza kuupuliza mezani ukaondoka. Mbavu za bawa alizikata kwa wembe. Mabawa aliyavika karatasi nyembamba ya kufungia zawadi, akaipaka wanga wa muhogo, nayo ilipokauka ikavutika mpaka ukiigonga kwa kidole inalia. Mpira ulikuwa wa manati, uliochanwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Kuusokota alitumia keekee ya mkono, ile ya kutobolea mbao, mizunguko mia tatu, akihesabu kwa sauti. Ndege ilipokamilika nilikwenda kuicheka, nikashindwa. Ilikuwa nzuri. Sikumwambia.

Tuliirusha kwenye uwanja wa mpira nyuma ya nyumba zetu. Ilipaa, ikainua pua, ikazidi kuinua pua, ikasimama angani kidogo kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa, halafu ikashuka kichwa chini. Sekunde sita. Mbavu zilitawanyika mpaka golini.

Longino alisimama pale na keekee yake mkononi, na mimi nikaona wazi kwamba wajibu umeniita. Nilikwenda nikalala kifudifudi juu ya mabaki, nikatangaza kwamba maiti haitaondolewa mpaka mtani apewe chake. Nikalia kwa sauti, nikataja sifa za marehemu, kwamba aliishi kwa haraka na hakumsumbua mtu. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Longino mwenyewe alikaza uso kadiri alivyoweza, kisha akacheka, akaenda kuniletea jogoo. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Alitengeneza ndege saba kwa miaka tisa, zote kwa mchoro uleule, na zote zilikufa kifo kilekile: pua juu, kusita, kichwa chini. Mimi nimekula majogoo saba. Kila baada ya msiba alikuwa na mshtakiwa mpya. Mara upepo, mara unyevu, mara udongo aliobandika puani ulizidi au ulipungua. Ilipofika ya tano akaanza kumshuku mchoraji mwenyewe, mzee wa watu huko Ulaya, akasema lazima walimstaafisha kwa sababu.

Mke wa Longino ni Ludovika. Yeye ni fundi cherehani, mwembamba, mpole, futikamba shingoni asubuhi mpaka jioni, hata kanisani nimemwona nayo mara moja. Anashona sare za shule na vitenge vya kwaya, na anashonea barazani, pembeni ya barabara. Kiangazi vumbi jekundu linaingia kwenye vitambaa. Masika, mvua ikipiga kutoka upande wa barabara, anaisukuma cherehani ukutani, mvua ikigeuka anaivuta tena, na hapo mteja anasubiri. Wakati wote huo uani kwake kuna chumba kizuri chenye dirisha pana na mwanga wa kutosha. Kilikuwa cha Adela. Adela alipoondoka, ndege ziliingia. Mzima mmoja ananing'inia darini, maiti sita ziko kwenye maboksi, na juu ya meza ambayo ingetosha kabisa kukatia vitambaa kuna chungu cha wanga.

Ludovika alikuwa ameomba chumba hicho kwa miaka. Jibu lilikuwa moja, kwamba ndege ikiruka tu, atakihama. Ndege haikuruka, na chumba hakikuhamwa. Halafu mwezi wa nne mwaka huu mvua ya upepo iliingia barazani ikarusha tope kwenye vitambaa vyeupe vya kwaya nzima, vilivyokuwa vimeshakatwa, siku tatu kabla ya Pasaka. Ludovika alivifua usiku na mchana, akavishona, akavipeleka. Hakusema kitu mpaka ndege ya saba ilipoanguka mwezi wa sita. Siku hiyo, kabla sijamaliza hata kula jogoo wangu, aliniita uani kwao niwe shahidi.

Makubaliano yalikuwa haya, na yalifuta ahadi ile ya zamani. Longino atatengeneza ndege ya nane. Ikikaa angani dakika nzima kwa saa yangu mimi, Ludovika hatakitaja tena chumba kile mpaka anaingia kaburini. Isipofika dakika, chumba kinakuwa cha cherehani siku hiyohiyo, na Longino atawashia jiko karatasi zote kumi na sita na hatagusa tena mkonge. Longino aliapa kwa jina la mama yake. Wakapeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Mtani asiyefurahia jogoo wa uhakika ana kasoro. Nilianza maandalizi mapema: nikashona sanda kwa kiroba cha unga, nikaandika historia fupi ya marehemu kurasa mbili, nikawaalika walimu wenzangu. Lakini jioni nilipokuwa nikipita dirishani pake kuelekea bombani nilimwona akipiga msasa ubavu mmoja wa bawa, miwani imeshuka puani, anauinua kwenye mwanga, anaupuliza, anaanza tena. Miezi miwili alifanya hivyo. Banda la Lizaboni likawa linafungwa saa nane mchana. Nikaanza kuona kwamba mtu huyu anakwenda kunyang'anywa kitu ambacho hana kingine cha kuweka mahali pake, na furaha yangu ikaanza kunikaa vibaya kidogo.

Siku ya kurusha iliwekwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, baada ya misa. Jumamosi yake Longino alikwenda Namtumbo kupeleka kitanda cha bwana harusi. Mimi nilikwenda kwa Ludovika kuchukua gauni langu, sikumkuta barazani. Nilimkuta uani, ndani ya chumba, mlango umerudishwa. Ndege ya nane ilikuwa mezani bila mkia. Mkia wa ndege zile haukugundishwa. Ulifungwa kwa mpira tu, ili ndege ikianguka uchomoke badala ya kuvunjika. Ludovika alikuwa ameufungua, na mkononi ameshika mkia mwingine.

Nilimwelewa mara moja, au nilidhani. Nikamwambia ajipumzishe, hakuna haja ya kuiharibu, ndege za mume wake zinajua njia ya kaburini bila kuelekezwa.

Hakucheka. Alichukua karatasi moja kutoka kwenye ile bahasha ya kaki, akaiweka mbele yangu. Chini, pembeni, palikuwa na kamstari kadogo kalichoandikwa tarakimu ya mbili na alama ya inchi. Kila karatasi ilikuwa nako. Akavua futikamba shingoni, akaiweka juu ya kamstari. Inchi mbili kamili. Akachukua karatasi ya mkia, akapima kamstari kalekale. Inchi moja na nusu.

Ikabidi nikae. Nimefundisha uwiano darasa la sita kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimewachapa watoto wa watu kwa sababu ya uwiano. Robo tatu ya urefu na robo tatu ya upana ni mkia wenye eneo la nusu na ushee tu la mkia unaotakiwa. Ndege saba zilikuwa zinainua pua kwa sababu nyuma hapakuwa na kitu cha kutosha cha kuzizuia, na mimi nilizilalia zote, moja baada ya nyingine, nikisoma historia ya marehemu.

Ludovika alisema kila fundi cherehani akipata mchoro wa kigeni, kitu cha kwanza anachofanya ni kupima kile kimstari. Michoro ya magauni ya dukani inacho, na wachoraji wanakiweka makusudi, kwa sababu hawamwamini mchapaji. Nikamuuliza amejua lini. Akasema tangu ndege ya pili.

"Tangu ya pili? Na hukumwambia?"

"Nilimwambia, Mwalimu. Nilikwenda na futikamba yangu nikamwonyesha. Hakuangalia hata. Aliniambia, Mama Adela, hii si sketi." Alikuwa akiongea taratibu, huku akipitisha kidole kwenye ukingo wa mkia mpya. "Basi nikakaa na sketi zangu."

Alikaa na sketi zake kwa ndege tano. Nilimwangalia mwanamke huyu mpole, ambaye kila nilipolala juu ya mabaki alikuwa akisimama nyuma ya watu na kukohoa tu, nikaona kwamba katika misiba ile mtani hodari hakuwa mimi.

Lakini kesho alikuwa anashinda. Alikuwa anapata chumba, meza, dirisha, na hakuna mvua tena maishani mwake. Kulikuwa na haja gani ya kutengeneza mkia? Nilimuuliza hivyo hivyo. Alianza kuufunga mkia mpya kwa mpira, akiuvuta kulia na kushoto mpaka ukakaa sawa.

"Nikikipata chumba hiki kwa kipimo kibovu," alisema, "kila nitakachokata humu ndani kitanicheka."

Mkia alikuwa ameutengeneza mwenyewe kwa wiki mbili, kwa vipande vya mkonge alivyoviokota chini ya meza, saa ambazo Longino alikuwa Lizaboni. Mistari aliichora kwa chaki yake ya bluu ya kushonea. Rangi aliipata kwenye kopo la mumewe, na wanga alijipikia. Mimi nilishauri amwambie tu ukweli Longino akirudi. Akasema hapana, atarudia maneno ya sketi, na yeye akiyasikia mara ya pili hajui atafanya nini, na mkasi huwa uko karibu. Akaniomba ninyamaze. Nikamkumbusha kwamba ndege ikiruka mimi nakosa jogoo, na nimeshawaalika watu. Akatoka nje, akarudi na jogoo mweupe ameshikwa miguu. Sijawahi kujivunia siku hiyo, lakini jogoo alikuwa mkubwa.

Jumapili uwanja ulijaa. Walimu wenzangu walikuja, waimbaji wa kwaya walikuja bado wamevaa sare zao nyeupe, na Majidi wa Mfaranyaki akafika na pikipiki yake, amevaa kofia ya kiua. Mimi nilitandika sanda kwenye nyasi katikati ya uwanja, nikakaa pembeni yake na karatasi zangu za historia, maana kutofanya hivyo kungemtia Longino wasiwasi. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na upepo. Shamba la chini ya uwanja lilikuwa limechomwa moto wiki ile, jeusi lote.

Longino alikuja na ndege begani. Aliiweka juu ya stuli na kuikagua kama kawaida yake, kuanzia puani kurudi nyuma. Aligusa pangaboi, akanyoosha bawa, akafika mkiani. Hapo kidole gumba chake kikasimama.

Msomaji akumbuke kwamba huyu ni seremala. Anaweza kuingia nyumbani kwako akakwambia mlango wako umepungua nusu sentimita bila kuugusa. Alitazama mkia kwa muda mrefu. Akapitisha kidole ukingoni mara mbili. Akakiinua kidole, akakitazama: kilikuwa na ubluu. Akageuka kumtafuta mke wake kwenye watu. Ludovika alikuwa akichunguza ndala za mtu aliyesimama mbele yake.

Nilijua anachowaza, kwa sababu mimi ningewaza hivyohivyo. Alikuwa anaweza kuufungua mkia ule mbele ya watu, akarudi nyumbani kuchukua wake. Ilikuwa haki yake. Ndege ni yake. Kisha Longino akajipangusa kidole kwenye suruali, akachukua keekee, akaanza kusokota mpira. Siku hiyo hakuhesabu kwa sauti.

Aliiachia. Ilipaa, ikainua pua, na watu wote tuliokwisha kuzoea tukaanza kuvuta pumzi ya msiba. Pua haikuendelea kupanda. Ilitulia pale ilipo, ndege ikalala kidogo kushoto na kuanza kuzunguka uwanja, duara pana, ikipanda polepole, na sauti ya pangaboi ikasikika vizuri kwa sababu hakuna aliyekuwa akiongea. Sekunde ishirini. Arobaini. Mimi nilisimama juu ya sanda bila kujua nimesimama. Ilipofika dakika nikainua mkono. Machozi yalikuwa yananitoka, Mhehe mzima, kwa ajili ya ndege ya Mngoni.

Mpira uliisha. Pangaboi likasimama. Tulingoja ishuke, lakini ilikuwa imefika juu ya lile shamba lililochomwa, na joto lililokuwa likitoka ardhini likaichukua. Ilizidi kupanda bila sauti yoyote, ikizunguka, ikiwa ndogo, ikielekea milima ya Matogoro. Dakika tatu. Dakika tano. Majidi alisema bado anaiona, kisha akasema samahani, ni mwewe.

Watu walipiga makofi na vigelegele, kwaya ikaanza wimbo. Longino aliinua mkono wanyamaze. Nilidhani atanitukana mimi, na angekuwa na haki. Badala yake alivua kofia.

"Ndege niliyotengeneza mimi haijaruka leo," alisema. "Mkia haukuwa wangu. Ulikuwa wa Mama Adela, na ndio ulioruka. Chumba ni chake."

Ludovika alisema makubaliano ni makubaliano, dakika imefika, hadai kitu. Longino akasema makubaliano yalikuwa juu ya ndege yake, na ndege yake na mkia wake, shahidi anajua, ingekuwa sasa hivi imelaliwa na Mhehe. Walibishana hivyo njia nzima kurudi nyumbani, kila mmoja akimkatalia mwenzake ushindi, na kwaya ikiwafuata nyuma. Mwisho waligawana: chumba kwa Ludovika, mkonge kwa Longino. Saa kumi jioni Longino alikuwa ameshatoa maboksi ya maiti saba, amepiga randa meza, na amebeba cherehani mwenyewe kutoka barazani mpaka dirishani. Aliiweka, akaangalia mwanga unaingiaje, akaisogeza tena.

Mimi sikukosa changu. Nilimfuata uani nikamweleza kwamba aliyepotea bila kuonekana naye anaombolezwa, tena msiba wake ni mrefu zaidi, na sanda nimeshashona. Akanipa jogoo wa nane. Kwa ndege ileile, kwa hiyo, nilikula wawili, mmoja wa rushwa na mmoja wa haki, na sijui yupi alikuwa mtamu zaidi.

Jumatatu tulikwenda wote watatu kwa Majidi na karatasi zetu. Alizipima mwenyewe, akashika kichwa. Akaeleza kwamba kutwa nzima anatoa nakala za vyeti vya kuzaliwa, vya shule, barua za ajira, na kila anayerudishwa ofisini kwa sababu muhuri umekatwa pembeni anakuja kumgombeza yeye. Kwa hiyo akiona mistari imefika ukingoni mwa karatasi, anaipunguza. Katika karatasi zile kumi na sita ni mbili tu zilizofika ukingoni, na zote mbili zilikuwa za mkia. Aliona anamsaidia mzee. Longino alimsamehe papo hapo, akasema anamwonea aibu zaidi yule mzee wa Ulaya, ambaye amemsema vibaya miaka tisa na hajui pa kumwombea radhi.

Njiani nilimuuliza kwa nini aliirusha, wakati alishagusa chaki na kuelewa kila kitu. Aliniambia kwamba alikumbuka lile neno la sketi, akatamani ardhi ipasuke. Lakini alitaka kuona ndege inaruka kuliko alivyotaka kuwa mwenye haki, akairusha.

Mwezi wa kumi nilikuwa chumbani kwa Ludovika, nimekaa kwenye benchi la wateja pamoja na akina mama watatu wa kwaya. Mvua za kwanza zilikuwa zinapiga bati na hakuna aliyekuwa anazisikiliza. Mlango ukagongwa. Longino aliingia na bahasha mpya ya kaki, mchoro mwingine, ndege ya mabawa mawili mawili. Alituamkia, akakaa mwisho wa benchi, akasubiri zamu yake. Mama mmoja alipimwa kiuno, mwingine akabishania mikono, mimi nikajaribu gauni. Zamu yake ilipofika alisimama akaweka karatasi juu ya meza aliyoipiga randa mwenyewe.

"Mama Adela, naomba unipimie."

Ludovika alikuwa akishona. Hakusimamisha mguu. Alimaliza mshono mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akaigeuza karatasi upande huu na upande ule bila kuipima.

"Hii ni nini?" aliuliza. "Ni sketi?"

Akina mama wa kwaya waligeuka kumtazama Longino. Mimi, ambaye kazi yangu ni kucheka, niligeuka pia. Longino alitutazama wote mmoja mmoja, akaitazama ile futikamba shingoni mwa mkewe, akakohoa.

"Ni sketi," alisema.

Ludovika akaivua futikamba na kuinama mezani kupima.